Usiishie Kusema “Sijasafiri”

Mwaka huu tumepokea simu ya tatu ya aina ile ile: mwenzetu wa huku ughaibuni anahara damu, hospitali imempa jina la ugonjwa sugu wa uvimbe wa matumbo, na vidonge vya stiroidi viko mkononi. Huyu wa mwisho ni kijana wa Awasi, upande wa Ziwa Victoria nchini Kenya, ana miaka saba Uingereza.

Anayeijua Awasi anayajua maji yake. Tumevuka vijito vya Kano miguu mitupu, tumeogelea kwenye mifereji ya mpunga ya Ahero, tumeteka maji ziwani. Humo ndimo wanamoishi konokono wanaoeneza kichocho.

Tunanaswa kwenye fomu ya hospitali. Inauliza kama umesafiri hivi karibuni; unajibu hapana, na hakuna anayekuuliza ulikokulia. Ni uzembe unaoudhi. Minyoo ya kichocho huishi mwilini kwa miaka mingi, na minyoo mingine, strongiloidi, huzaliana humo humo kwa miongo. Kwenye kamera ya utumbo, vidonda vya kichocho au amiba vinaweza kufanana kabisa na vya ugonjwa ule wa uvimbe.

Kisha unaambiwa choo kimepimwa, hakina kitu. Kimepimwa mara ngapi? Kipimo cha Kato-Katz, kinachotumika sana kwetu nyumbani, huangalia miligramu 41.7 tu, kama punje mbili za mchele. Mayai yakiwa machache, hupita kwa urahisi bila kuonekana. Kijana wetu alisisitiza kinyama kilichokatwa utumboni kiangaliwe upya. Mayai ya kichocho yalikuwemo.

Stiroidi hushusha kinga. Mwenye strongiloidi akizimeza, minyoo inaweza kusambaa hadi mapafuni na kumuua; mwenye amiba anaweza kutoboka utumbo. Kwa hiyo, kabla ya kidonge cha kwanza, omba choo kipimwe siku tatu tofauti, na damu ipimwe kichocho na strongiloidi. Daktari akisema hali haingoji, omba sampuli zichukuliwe siku hiyo hiyo. Aliyekwisha kuanza stiroidi asiziache ghafla. Arudi kwa daktari.

Wala usijitibu kwa albendazoli, dawa ya minyoo, uliyoletewa kutoka nyumbani. Haiponyi kichocho, dawa yake ni prazikwanteli. Na wapo wenzetu wenye ugonjwa wa uvimbe kweli, wanaohitaji tiba yake.

Andika kwenye karatasi, kwa lugha ya daktari wako: “Nimekulia karibu na Ziwa Victoria, nimeoga mitoni. Nipimeni kichocho, strongiloidi na amiba.” Umkabidhi mkononi, na usiondoke kabla hajaisoma.