Upepo na Daraja Jembamba



Kila mwanajeshi na kila askari polisi anaifahamu amri hii: kikosi kikifika darajani, huacha kwenda kwa hatua moja. Jeshi la Uingereza lilianza kuifuata baada ya mwaka 1831, daraja la Broughton lilipovunjika chini ya askari 74 waliokuwa wakilivuka kwa hatua moja. Lakini miguu ya askari siyo adui pekee wa daraja. Upepo nao ni adui, tena asiyepokea amri.

Tarehe 16 Aprili, 1850, kikosi cha jeshi la Ufaransa kilivuka daraja la kuning'inia mjini Angers wakati wa dhoruba. Amri ilitolewa, hatua zikaachwa. Hata hivyo upepo uliliyumbisha daraja, na kila askari akayumba nalo ili asianguke. Bila ya kuamriwa, wakajikuta wakikanyaga pamoja. Nyaya zilizokwisha liwa na kutu zikakatika, na askari zaidi ya 200 wakapoteza maisha.

Upepo huvuma kwa vishindo, mara ukikaza, mara ukilegea. Ukigonga ubavu wa daraja, hukatika na kufanya vimbunga vidogo vidogo, ambavyo hulisukuma juu na chini kwa zamu. Daraja nene na zito halishtuki. Jembamba na refu hucheza. Hatari kubwa zaidi huja daraja linapoanza kujisokota. Kila msokoto hubadili jinsi upepo unavyolipiga, na upepo nao huuzidisha msokoto unaofuata. Hapo haihitajiki tufani. Watosha upepo usiokoma.

Ndivyo lilivyoangamia daraja la Tacoma Narrows, katika jimbo la Washington, Marekani. Lilifunguliwa tarehe 1 Julai, 1940. Kati ya minara yake palikuwa na mita 853, lakini upana wake ulikuwa mita 12 tu, na boriti za ubavuni zilikuwa na kimo cha mita 2.4. Lilicheza tangu lilipokuwa likijengwa, na watu walilipa ushuru ili wafurahie kuyumbishwa. Tarehe 7 Novemba mwaka huo huo, upepo wa kilomita 64 kwa saa ulilisokota mpaka likaanguka. Hakuna mtu aliyekufa, kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Daraja jipya la mwaka 1950 lilipewa boriti zenye kimo cha mita 10, zenye nafasi za kupitisha upepo.

Siku hizi, kabla ya kujenga daraja refu la namna hiyo, mafundi hupiga upepo mfano wake mdogo katika chumba cha majaribio. Madaraja yanayobebwa na nyaya yako hata kwa jirani zetu: Matadi nchini Kongo tangu mwaka 1983, na Jinja nchini Uganda tangu mwaka 2018.

Ndugu askari, mlinzi wa daraja halindi dhidi ya mhalifu peke yake. Akiliona linacheza kuliko kawaida yake, asilifanye jambo la kuchekesha. Na afunge njia, kisha atoe taarifa. Watu wa Tacoma waliokolewa na kizuizi kilichowekwa kwa wakati wake.