Uongozi wa Vikundi vya Matengenezo

Katika madarasa ya elimu ya siasa methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta" hutajwa mara nyingi, na kila mwanafunzi huikubali. Lakini methali hiyo inaacha maswali matatu bila kuyajibu. Nani aliuona ufa kwanza? Alimwambia nani? Na huyo aliyeambiwa alifanya nini? Katika shirika lolote lenye kazi ya matengenezo, liwe la reli, la umeme, la maji au la bandari, majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha kama uongozi upo au haupo.

Shabaha ya makala hii ni kueleza jinsi vikundi vya matengenezo vinavyopaswa kuongozwa. Tunasema kwamba kazi ya kwanza ya kiongozi wa matengenezo ni kuhakikisha kuwa habari ya kasoro inatoka kwa aliyeiona na kumfikia mwenye uwezo wa kuitengeneza, upesi na bila woga, na kwamba jibu linarudi kwa aliyeitoa. Kugawa kazi, kutunza stoo na kusimamia zamu ni mambo ya lazima, lakini yote hutegemea hilo. Tutatumia zaidi mfano wa reli, kwa sababu katika reli kasoro ndogo na maisha ya watu wengi hukaa karibu sana.

1. Sura ya kazi yenyewe

Kiwanda cha saruji huhesabu mifuko iliyotoka. Shamba la mkonge huhesabu tani. Kikundi cha matengenezo hakina mfuko wa kuonyesha. Kikifanya kazi yake vizuri, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea: treni imepita, taa zimewaka, maji yametoka bombani. Ndiyo maana fedha zinapopungua, matengenezo huwa ya kwanza kukatwa. Mwaka wa kwanza wa kukata hakuna kinachoonekana, na kiongozi aliyekata husifiwa kwa kubana matumizi. Gharama huja baadaye, mara nyingi mikononi mwa kiongozi mwingine.

Tuitazame Reli ya TAZARA. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka Jamhuri ya Watu wa China, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ina madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20, na sehemu yake ngumu kuliko zote ni milima iliyoko kati ya Mlimba na Makambako. Habari za ujenzi wake husimuliwa kwa fahari, na ndivyo inavyostahili. Lakini siku ile reli ilipokabidhiwa ilianza kazi nyingine isiyo na sherehe wala mwisho, yaani kazi ya kuitunza.

Kada anayetaka kuielewa kazi hiyo ajifunze jinsi kasoro inavyozaa kasoro. Kokoto zilizolala chini ya mataruma zina kazi mbili: kubeba uzito na kupitisha maji. Zikijaa matope, maji hutuama. Maji yakituama, taruma hucheza kila gurudumu linapopita. Taruma likicheza, kiungo cha reli huzama kidogo, na gurudumu linalofuata hukipiga kwa nguvu zaidi. Boliti hulegea, na mwishowe chuma chenyewe hupata ufa. Mwanzoni mwa mfululizo huo dawa ni wafanyakazi wachache wa genge, wenye sururu, sepetu na kokoto safi, kwa asubuhi moja. Mwishoni dawa ni reli mpya, winchi, na njia kufungwa.

Kati ya mwanzo na mwisho huo kuna hatua ya hatari inayojificha. Mahali palipoharibika, treni huamriwa kwenda polepole. Amri hiyo ni ya busara, kwani huokoa maisha. Lakini zikiwa nyingi, safari hurefuka, mabehewa huzunguka mara chache, mapato hushuka, na fedha za kununulia kokoto hupungua. Hapo shirika limeingia katika duara: halina fedha kwa sababu njia ni mbovu, na njia ni mbovu kwa sababu halina fedha. Mizigo ya TAZARA, iliyozidi tani milioni 1 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa imeshuka chini ya tani 100,000 katika mwaka 2014/15. Matengenezo si sababu pekee. Ushindani wa malori, kufunguliwa kwa njia za kusini baada ya ukombozi wa Zimbabwe mwaka 1980 na wa Afrika Kusini mwaka 1994, na upungufu wa vichwa vya treni, yote yalichangia. Hata hivyo duara hilo ni la kweli, na mahali pepesi pa kulikata ni mwanzoni, pale penye sururu na sepetu.

2. Nani huiona kasoro kwanza?

Mkurugenzi haioni kwanza. Huiona mlinzi wa njia anayetembea juu ya mataruma. Huisikia dereva, kwa mlio asioujua. Huihisi fundi anayeweka kiganja juu ya beringi na kuukuta moto kuliko jana. Kwa hiyo katika shirika la matengenezo ujuzi wa hali halisi uko chini, na madaraka ya kutoa fedha, vipuri na amri yako juu. Huo ndio mgongano wa msingi. Kiongozi bora ni yule anayeufupisha umbali kati ya pande hizo mbili.

Mambo matatu huurefusha umbali huo.

La kwanza ni woga. Mfanyakazi akitoa habari ya kasoro na kuulizwa kwa ukali, "Wewe ulikuwa wapi mpaka ikaharibika?", siku nyingine atanyamaza, na wenzake waliosikia watanyamaza pia.

La pili ni kukata tamaa. Mnyapara akiandika mara tatu kwamba kalavati limeziba, asipate jibu lolote, mara ya nne haandiki. Huyu si mvivu. Amefundishwa na uongozi kwamba kuandika hakuna maana.

La tatu ni tamaa ya taarifa nzuri. Kiongozi anayetaka kusikia kwamba mambo yote ni shwari ataambiwa hivyo, hadi siku ya ajali. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Nchi yetu iliwahi kulikabili jambo hili kwa maandishi. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, katika kifungu chake cha 15, ulikemea kiburi, dharau na uonevu wa viongozi, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa walikitumia kifungu hicho katika migomo na madai dhidi ya mameneja wao. Historia hiyo husomwa kama habari ya haki na heshima, na ndivyo ilivyo. Sisi tunaongeza jambo moja: katika matengenezo, kiburi cha kiongozi kina gharama ya kiufundi. Kinaziba njia ya habari kama vile matope yanavyoziba kokoto. Tena baraza hukutana mara chache kwa mwaka, na ufa wa reli hausubiri kikao. Kwa hiyo ushirikishwaji unaofaa katika kazi hii ni ule wa kila siku.

3. Mafunzo kutoka kwingine

Mwaka 1960, nchini China, kiwanda kikubwa cha chuma cha Anshan kilitolewa kuwa mfano wa uendeshaji. Kanuni zake zilidai kwamba viongozi washiriki kazi za mikono, wafanyakazi washiriki katika uendeshaji, taratibu zisizofaa zibadilishwe, na viongozi, mafundi na wafanyakazi wakae pamoja kutatua matatizo ya ufundi.

Huko Japani, nchi yenye mfumo tofauti kabisa, kampuni ya vifaa vya magari ya Nippondenso ilijikuta mwishoni mwa miaka ya 1960 ina mashine nyingi zinazojiendesha, na mafundi wa matengenezo hawatoshi. Iliamua kwamba mwendesha mashine mwenyewe aisafishe, aitie mafuta, akaze nati na kuikagua, na mafundi wabaki na kazi ngumu na kuboresha mitambo. Mwaka 1971 utaratibu wake ulipewa tuzo, kisha ukaenea katika nchi nyingi.

Nchi hizo mbili hazikufuata siasa moja, lakini zilikutana katika jambo hili: aliye karibu na mashine ndiye mlinzi wake wa kwanza. Hata kufagia na kufuta ni ukaguzi, kwa maana mkono unaofuta vumbi ndio unaogundua oili inayovuja.

Tujihadhari lakini na kosa la upande wa pili. Kushirikisha wafanyakazi hakuna maana kwamba kila jambo hupigiwa kura. Genge likishasimika bendera nyekundu njiani, mwenye amri ni mmoja. Fundi akishazima umeme na kufunga swichi kwa kufuli, hakuna mwenye cheo chochote anayeruhusiwa kuiwasha bila yeye. Kanuni yetu iwe hivi: majadiliano kabla ya kazi, nidhamu wakati wa kazi, tathmini baada ya kazi. Juni 24, 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ikarudi nyuma bila kuzuilika na kuigonga treni ya mizigo. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Kila anayeongoza mafundi wa breki, wa njia na wa ishara akumbuke uzito wa dhamana aliyokabidhiwa.

4. Kiongozi afanye nini?

Kwanza, aanze siku kwa kikao kifupi cha dakika 10 hadi 15, watu wakiwa wamesimama. Aulize: Jana mliona nini? Leo mna upungufu gani? Hatari iko wapi? Yeye azungumze wa mwisho.

Pili, awe na daftari la kasoro. Kila kasoro iandikwe tarehe, mahali, aliyeiona, aliyekabidhiwa na siku iliyomalizika. Sharti kuu ni kwamba kila mstari upate jibu. Jibu la "haiwezekani mwezi huu, kipuri hakipo" ni afadhali kuliko ukimya.

Tatu, alinde muda wa matengenezo ya kinga. Vikundi vya kinga vikichukuliwa kila mara kwenda kuzima moto wa dharura, dharura zitaongezeka. Atenge watu wa kazi hizo mbili, na asiwachanganye ila kwa sababu nzito.

Nne, aingie stoo mwenyewe. Kung'oa kipuri katika mtambo mmoja na kukitia katika mwingine kunaweza kuokoa siku, lakini pasipoandikwa, shirika litaamka lina mitambo kumi iliyosimama na halijui kila mmoja unadai nini.

Tano, atofautishe kosa na uzembe. Tuseme mafundi wawili wamesahau kukaza nati. Mmoja anarudi jioni ileile na kusema. Mwingine ananyamaza hadi gurudumu linalegea. Kiongozi anayewapa adhabu sawa amewafundisha wote kunyamaza. Mkweli arekebishwe na kufundishwa, mfichaji awajibishwe.

Sita, asifu ipasavyo. Waliokesha usiku kucha wakiinua behewa lililoanguka wanastahili shukrani. Lakini genge ambalo sehemu yake ya njia haikuangusha behewa hata moja mwaka mzima linastahili zaidi, na kwa kawaida ndilo husahauliwa.

Saba, arithishe ujuzi. Sikio la fundi wa miaka 30 haliandikwi lote katika kitabu. Kila fundi mkongwe apewe kijana wa kutembea naye, na kila zamu ikabidhiane kwa maandishi na kwa mdomo.

5. Hoja ya fedha

Wako ndugu watakaosema kwamba haya ni maneno, na kwamba tatizo la kweli ni fedha. Hoja yao ina ukweli. Huwezi kuliamuru genge lisindilie njia bila kokoto, na kiongozi anayetoa hotuba pale panapotakiwa kipuri anawadhihaki wafanyakazi. Lakini bila daftari la kasoro shirika haliwezi hata kuomba fedha kwa usahihi, kwani halijui linaumwa wapi. Tena vitu vinavyopotea kwanza uongozi unapolegea ni vile vya bei ndogo: grisi, ufagio, ukaguzi wa kila siku, na ukweli katika taarifa.

Somo hili ni la wakati huu. Septemba 2024 hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA ilitiwa saini mjini Beijing. Mwaka huohuo reli ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mtaji mpya hununua chuma kipya, lakini chuma huanza kuchakaa siku ya kwanza kinapotumika, na kiongozi hupimwa kwa hali ya njia miaka 20 baada ya utepe kukatwa.

Maswali ya majadiliano katika vikundi vya mafunzo:

(a) Katika mahali pako pa kazi, kasoro hupita kwa watu wangapi kabla ya kumfikia mwenye uwezo wa kuitengeneza?

(b) Taja kasoro moja ambayo wafanyakazi wote wanaijua na uongozi hauijui. Ni jambo gani limezuia habari hiyo isipande?

(c) Mara ya mwisho kikundi kilisifiwa kwa sababu hakuna kilichoharibika ilikuwa lini?