Mtoto ameugua, mpiga ramli anauza jina

Homa ilianza jioni. Saa nane usiku mtoto wa miaka miwili anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono na miguu inatikisika na mate yanamtoka. Mama analia kwa jina la Yesu. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, anapapasa gizani kutafuta ufunguo wa pikipiki. Kabla hajaupata, dada yake ameshaingia chumbani.

"Wifi, hili si la hospitali. Hilo ni dege. Wakimchoma sindano tu, mtoto huna."

Nyumba ya namna hii inaweza kuwa Bagamoyo, Kilosa, Geita au Mbagala, na wote waliomo wanaweza kuwa wamebatizwa, wanatoa sadaka na wanaimba kwaya. Hakuna anayejiona mshirikina. Lakini ikifika alfajiri, swali lililoko chumbani limeshabadilika. Haulizwi tena mtoto anaumwa nini. Linaulizwa jina la aliyemfanyia.

Swali hilo la pili huvunja familia nyingi kuliko ugonjwa wenyewe.

Biashara ya jina

Watu wakitaja kwenda kwa mganga hufikiria hirizi, chale na dawa ya kuoga. Mtu anayetoa mizizi na majani ya kutibu tumbo ni habari nyingine, na Tanzania inao utaratibu wa kumsajili chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002. Mpiga ramli ni mwingine, hata kama wakati mwingine wote wawili ni mtu mmoja katika kibanda kimoja. Mpiga ramli anauza jina, na dawa hufuata baadaye.

Mara nyingi jina hilo mteja ndiye amekuja nalo. Mpiga ramli anatazama kioo au maji kwenye bakuli, kisha anasema anamwona mtu wa karibu, mwanamke, mtu mzima, anayecheka nanyi lakini moyoni ana kijicho. Halafu ananyamaza. Mama aliyekesha siku tatu na mgonjwa hahitaji zaidi ya hapo. Anamkumbuka mama mkwe aliyesema, "Huyu mtoto amenenepa!" Au shangazi aliyenyimwa kipande cha shamba. Analitamka jina mwenyewe, na mganga anaitikia: huyohuyo. Watanzania wanaiita kazi hii ramli chonganishi, na neno limekaa mahali pake.

Hirizi inaweza kukatwa na kutupwa shimoni. Jina halitupiki. Mtoto akipona, itasemwa amepona kwa sababu mchawi alijulikana. Asipopona, mchawi kashinda. Kwa vyovyote vile bibi hana pa kujitetea. Chakula chake hakiliwi tena, na wajukuu wanafundishwa kumkwepa.

Kanda ya Ziwa inaujua mwisho wa njia hiyo. Kwa miaka mingi, Mwanza, Shinyanga na mikoa ya jirani, vikongwe wameuawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo ni ya moshi. Mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, hawezi kubaki na macho meupe. Na waliomnyooshea kidole, wengine wao walikua wakila chakula kilichoivia kwenye moshi huohuo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, wakati huo hasa kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, ambao waganga walidai viungo vyao huleta utajiri.

Sauli alikwenda usiku

Kumbukumbu la Torati 18 inakataza ramli, kuloga na kuuliza wafu, na Wakristo wengi wanalijua hilo tangu darasa la kipaimara. Linalosahaulika ni jinsi Biblia inavyomchora mteja.

Mfalme Sauli ndiye aliyekuwa amewafukuza wapiga ramli nchini mwake. Katika 1 Samweli 28, Wafilisti wamekusanya jeshi, Sauli ameingiwa na hofu, ameomba na hajajibiwa. Anabadilisha mavazi ili asitambulike na kwenda usiku kwa mwanamke wa Endori. Mshirika anayevuta kofia hadi usoni na kupanda basi kwenda kijiji ambako hakuna anayemjua angemtambua Sauli mara moja. Mfalme alipata nini huko? Alipata habari ya kifo chake na cha wanawe, na hofu kubwa kuliko ile aliyokwenda nayo. Wema pekee uliotokea nyumba ile ni kwamba mwanamke yule, alipoona mgeni wake hana nguvu kwa njaa, alimchinjia ndama na kumwokea mkate. Wahubiri huupita mstari huo haraka.

Efeso nako kuna somo kwa wazazi. Matendo ya Mitume 19 inasimulia watu walioleta vitabu vyao vya uganga na kuvichoma hadharani, vyenye thamani ya vipande elfu 50 vya fedha. Watu hao hawakuwa wapagani waliokamatwa njiani. Walikuwa wameshaamini. Kwa maneno mengine, walikuwa wakimsikiliza Paulo huku vitabu viko nyumbani, kama vile hirizi inavyoweza kukaa chini ya godoro la mtoto anayepelekwa shule ya Jumapili kila wiki. Na kila mmoja alileta vitabu vyake mwenyewe. Hakuna aliyetakiwa kumtaja jirani.

Yesu naye aliulizwa swali la jina. Katika Yohana 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na wanataka kujua ni dhambi ya nani, ni yake au ya wazazi wake. Yesu anakataa kumtaja yeyote, kisha anamponya mtu yule.

Je, uchawi upo? Wachungaji hawakubaliani kuhusu nguvu zake, ingawa wote huuhesabu kuwa dhambi. Lakini hata Mkristo anayeamini kabisa kwamba mchawi anaweza kumdhuru mtoto, hana andiko linalompa ruhusa ya kumtafuta huyo mchawi kwa ramli.

Nyumba ya mchungaji

Wapo wanaojibu kwa Kutoka 22:18, mstari unaoamuru mchawi asiachwe hai. Wakristo wameshaujaribu mstari huo kwa bidii zote, na kumbukumbu zimebaki.

Mwaka 1692, katika kijiji cha Salem, Massachusetts, ambayo leo ni sehemu ya Marekani, Betty Parris wa miaka 9 na binamu yake Abigail Williams wa miaka 11 walianza kushtukashtuka, kujikunja na kupiga kelele. Waliishi nyumba moja, na nyumba ilikuwa ya mchungaji Samuel Parris, baba yake Betty. Ikasemwa wamelogwa. Jirani, Mary Sibley, mshirika wa kanisa hilohilo, akaagiza ramli: uokwe mkate uliochanganywa na mkojo wa wasichana, apewe mbwa, ili mchawi ajulikane. Mchungaji alipogundua alimkemea mbele ya kanisa, kwamba amekwenda kwa shetani kutafuta msaada dhidi ya shetani. Alisema kweli. Ila majina waliyoyataja wasichana aliyaamini, na akayatolea ushahidi.

Kabla mwaka haujaisha watu 19 walikuwa wamenyongwa, na mzee mmoja ameuawa kwa kurundikiwa mawe. Mmoja wa walionyongwa ni Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, mcha Mungu anayejulikana. Mahakamani aliulizwa swali, asijibu, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa kukiri. Baadaye alieleza kwamba masikio yake ni mazito na huzuni ilikuwa imemzidi, hakusikia alichoulizwa. Miongoni mwa waliofungwa gerezani alikuwamo pia mtoto wa miaka minne hivi, binti wa mwanamke aliyenyongwa.

Januari 1697 jaji Samuel Sewall alisimama kanisani Boston huku toba yake ikisomwa mbele ya watu wote. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyekuwa na miaka 12 alipowatuhumu watu, naye alisimama kanisani wakati maneno yake ya kuomba msamaha yakisomwa. Alimtaja Rebecca Nurse. Bibi alikuwa kaburini miaka 14.

Ramli iliyovaa suti

Mzazi wa leo anaweza kuapa kwamba hajawahi kufika kwa mganga, na asiwe amesema uongo. Amekwenda kwa nabii. Nabii ameshika maikrofoni, anamwona kwa roho mwanamke wa upande wa baba, amekaa jikoni, ameshika kitu cheusi. Kanisa linaitikia kwa kelele, na mama anarudi nyumbani na jina lilelile ambalo angelipata kibandani, safari hii na baraka za madhabahu.

Kuombea wagonjwa ni kazi ya kanisa na Waraka wa Yakobo unaiagiza. Lakini maombi hayahitaji mtuhumiwa. Huduma yoyote inayompeleka mzazi nyumbani akiwa na jina la ndugu yake inafanya kile Kumbukumbu la Torati 18 inachokataza, hata ikifunguliwa kwa wimbo wa sifa.

Huko Kinshasa, baadhi ya vikundi vya maombezi vimefika mbali zaidi na kuwataja watoto wenyewe. Yatima anayekojoa kitandani au mtoto wa kambo mwenye kifafa ameitwa mchawi, amefungishwa kula na kunywa, kisha amefukuzwa akalale barabarani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Congo ya 2009 inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Kwamba bunge lililazimika kuandika hivyo ni aibu kwa waliokuwa wameshika Biblia.

Yule mtoto wa saa nane usiku

Degedege linaloletwa na homa huwapata hasa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Inatisha kulitazama, lakini mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika chache. Hapo ndipo mganga anapopatia sifa. Mtoto amefukizwa kinyesi cha tembo na ametulia, basi moshi umefanya kazi. Angetulia hata bila moshi.

Kilichobaki mwilini ni chanzo cha homa, na kinaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, magonjwa yanayoua mtoto wakati watu wazima wanajadili nani kamloga. Ile imani kwamba sindano huua mwenye dege ni rahisi kuona ilivyopata nguvu. Mtoto anazungushwa kwa waganga siku mbili, anafikishwa hospitali akiwa amezimia, anachomwa sindano, anafariki. Sindano inabeba lawama ya siku mbili.

Anapoanza kutikisika, mtoto alazwe ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumuumiza, nguo za shingoni zilegezwe. Asitiwe chochote mdomoni, iwe kijiko, maji, dawa au kidole. Asikandamizwe kwa nguvu. Mtu mmoja atazame saa. Likizidi dakika 5, au likirudi, au mtoto asipozinduka, hiyo ni dharura. Na hata likikoma haraka na mtoto akafungua macho, aende kituo cha afya usiku huohuo. Pale, tone moja la damu kidoleni huonyesha malaria ndani ya dakika chache, na ikiwa ni kali ipo sindano ya artesunate. Baba aendeshe pikipiki, mama aombe njiani. Hakuna andiko linalomtaka achague kimoja.

Kwa waliokwisha kwenda

Wazazi wengi wanaosoma habari za namna hii wameshakwenda, wao au mama zao. Hirizi hukatwa. Kama mkono unatetemeka, mchungaji au katekista aitwe awepo. Waefeso nao hawakufanya peke yao.

Kazi ngumu zaidi ni lile jina. Ni kufunga safari hadi kwa bibi na kumwambia, "Mama, tulikutuhumu. Tumekosa, tusamehe." Huenda alikuwa hajui. Mara nyingi alijua siku ya kwanza, pale mjukuu aliporudisha karanga alizompa.

Halafu kuna mtoto. Alisikia minong'ono ya watu wazima usiku ule, na anaikumbuka kuliko wanavyodhani. Kumwambia tu kwamba bibi si mchawi hakutoshi, maana aliambiwa kinyume na watu walewale. Mtoto wa miaka saba anatazama sahani. Bibi amepakua ugali, mama amenawa mikono, mama ameanza kula.