Uchoshi wa Watoto Wakati wa Likizo: Mbinga na Ufukwe wa Nyasa

Uchoshi ni hali ya akili inayotaka kushughulika lakini ikakosa pa kushika. Mwanasaikolojia John Eastwood wa Chuo Kikuu cha York nchini Kanada na wenzake waliueleza kwa namna hiyo mwaka 2012, na maelezo yao yanautenga na mambo mawili ambayo wazazi huuchanganya nayo. Mvivu hataki kufanya kitu; anayepumzika ameridhika na kutofanya; mtoto aliyechoshwa anataka, ila haoni la kumvuta. Hali hiyo huzuka shughuli inapokuwa rahisi mno au ngumu mno, inapokosa maana kwa anayeifanya, au anapofanyishwa bila kuachiwa nafasi ya kuchagua. Likizo huikuza kwa sababu shuleni saa za mtoto hupangwa na kengele. Kengele ikinyamaza, kazi ya kupanga siku humwangukia mtu ambaye hajazoea kuifanya.

Tanzania ina likizo ndefu mbili, ya Juni na ya Desemba, na mkoani Ruvuma kila moja ina sura yake. Juni ni wakati wa baridi katika milima ya Umatengo, na ni msimu wa kuchuma kahawa wilayani Mbinga. Chini ya milima hiyo, katika Wilaya ya Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, upepo mkali wa kusini-mashariki uitwao mwera huchafua Ziwa Nyasa. Desemba ni mwezi wa mvua na wa kupanda mahindi. Kuna pia wanaomaliza elimu ya msingi: mtihani wao hufanyika Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari, hivyo hukaa nyumbani karibu miezi minne. Hao ndio walio hatarini zaidi kuchoshwa.

Mtoto wa mkulima wa kahawa hachoshwi na ukosefu wa kazi, bali na kazi ambayo mwisho wake hauonekani. Kuchuma mbivu na kuacha mbichi, kutenga zilizotobolewa na wadudu, kugeuza kahawa juu ya vichanja: mikono inafanya kazi, akili haina la kufanya. Mgawo unaopimika, kama ndoo moja kisha mapumziko, humpa mwisho. Kuelezwa kwamba mbichi zikichanganyika na mbivu hushusha ubora wa kahawa humpa sababu. Kukabidhiwa daftari la kuandika madebe yaliyochumwa kila siku humpa nafasi yake katika kazi ya familia, na hesabu za shuleni hupata matumizi. Mipaka nayo ipo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku. Anayetoka shambani hoi hana uwezo wa kucheza wala kusoma.

Likizo ya Desemba inatoa nafasi ya kumpa mtoto mkubwa kitu chake mwenyewe. Wamatengo wa milima ya Mbinga wana kilimo cha ngoro: majani yaliyofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Mashimo yanayobaki huzuia maji ya mvua yasiteremke kwa kasi na kuchukua udongo, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Maharage hupandwa kwanza, mahindi hufuata katika msimu wa mvua unaokuja. Mtoto akiachiwa mashimo machache ayapande na kuyapalilia kwa uamuzi wake, anapata yale matatu ambayo mtoto aliyechoshwa huyakosa: kazi ya kimo chake, sababu ya kuifanya, na uhuru wa kuchagua.

Ufukweni, maswali yako mlangoni. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao hawapatikani kwingine duniani, na samaki wadogo wenye rangi kali wanaoishi kwenye miamba huonekana hata kutoka juu ya jiwe. Mtoto anayechora aina alizoziona, akawauliza wavuvi majina yake na vyakula vyake, ana kazi ya wiki nzima. Liuli pana historia isiyohitaji kitabu ili kuanza kuulizwa: Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, katika mojawapo ya mapigano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuwatafuta wazee wanaokumbuka masimulizi ya wazazi wao na kuyaandika ni shughuli ya rika la miaka 11 na kuendelea.

Kwa wadogo, mchezo unatosha, mradi vifaa viwepo na mkubwa asiuongoze. Mabua ya mahindi, waya, vizibo na kandambili zilizokwisha hugeuka magari. Mdako unahitaji vijiwe na kishimo, bao la safu nne za mashimo ya ardhini linahitaji mbegu, rede na kombolela zinahitaji uwanja na wenzao. Siku za mvua ni za vitendawili na hadithi, na mtoto naye apewe zamu ya kutega.

Si kila saa tupu ijazwe. Mwaka 2014 Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Uingereza waliwapa watu wazima kazi ya kuchosha ya kunakili namba za simu. Baadaye watu hao walibuni matumizi mengi zaidi ya vikombe vya plastiki kuliko wasiofanya kazi hiyo. Utafiti huo haukuwahusu watoto, lakini unaonyesha kwamba akili iliyokosa kazi huweza kujitafutia. Mtoto anapolalamika, jibu linalomjenga ni kumpa machaguo mawili au matatu na kumwachia muda, badala ya kumkabidhi simu papo hapo. Simu na kibanda umiza cha kuonyesha filamu humaliza malalamiko upesi bila kumfundisha kujianzishia jambo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini.

Uchoshi usiosimamiwa huwapeleka watoto majini. Ufukweni, mchezo wa ziwani uwe na mtu mzima anayeangalia, usiwepo siku za mwera, na usifanyike karibu na midomo ya mito yenye mamba, kama Ruhuhu. Maji yaliyotuama yenye majani na konokono ni hatari kwa kichocho, kwa kuwa vimelea vyake hupenya ngozi. Milimani, mashimo ya maji, visima visivyofunikwa na vyombo vya dawa za kahawa ndivyo vya kuwaepusha navyo.

Ratiba inayofaa kwa siku ya likizo ni fupi: kazi ya nyumbani asubuhi yenye mwisho unaojulikana, muda wa kusoma, na saa ndefu ambazo mtoto huzipanga mwenyewe. Katika wiki ya mwisho saa za kulala na kuamka zirudishwe taratibu kwenye zile za shule. Uchoshi wa kawaida huisha mtoto akipata mwenzake au jambo la kushika. Asiyevutiwa na chochote kwa wiki mbili, akajitenga na wenzake, akapoteza usingizi au hamu ya kula, huenda ana tatizo jingine, na apelekwe kituo cha afya.