Antena ya Dirishani: Picha Safi Bila Bili ya Mwezi

Usiku mmoja wa Aprili dhoruba ilipiga hapa Dallas nikiwa zamu ya usiku. Nyumbani nilikuwa nimewaacha watoto wawili na mama yangu. Ving'ora vikalia, intaneti ikakatika, na televisheni yetu, ambayo ilitegemea intaneti hiyo hiyo, ikabaki kioo cheusi. Mama akanipigia: "Mwanangu, tujifiche au tulale?" Nikamwambia awaingize watoto bafuni, kusiko na dirisha. Kimbunga hakikufika kwetu, lakini wiki hiyo hiyo nilinunua antena.

Wengi tunadhani antena imepitwa na wakati. Kumbe hapa Marekani vituo vikubwa kama ABC, CBS, NBC, FOX na PBS bado vinarusha matangazo hewani, bure. Televisheni karibu zote zilizotengenezwa tangu 2007 zina king'amuzi ndani yake. Unachohitaji ni antena tu.

Kwanza, jua mnara uko wapi. Tovuti ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, ina ramani. Andika anwani yako, nayo itakuonyesha vituo, nguvu ya mawimbi na upande yanakotoka. Minara mikubwa ya Dallas iko Cedar Hill, kusini-magharibi mwa jiji. Sisi tunakaa kaskazini, na nilikuwa nimeificha antena nyuma ya televisheni. Nilipoihamishia dirisha la kusini, juu karibu na dari, picha ikatulia.

Pili, epuka chuma. Wavu wa chuma dirishani, au ukuta wenye foili ndani yake, huzuia mawimbi. Ukihama hata hatua mbili unaweza kuona tofauti. Kila ukihamisha antena, tafuta chaneli upya kwenye menyu. Siku hizi hakuna zile chenga za zamani: picha ama inakuja safi, ama inakatika vipande vipande.

Tatu, angalia aina ya mawimbi. Vituo vingi hutumia UHF, lakini vingine bado viko VHF. Hapa kwetu WFAA, kituo cha ABC, kinatumia VHF. Antena nyingi bapa hunasa VHF kwa shida. Ukikosa kituo cha namna hiyo, jaribu ile yenye masikio mawili ya kuvuta. Usikimbilie kununua amplifaya. Haitengenezi mawimbi yasiyokuwepo, na ukiwa karibu na mnara inaweza kuvuruga picha.

Ukiwa mpangaji, usiogope. Kanuni ya FCC ya tangu 1996 inakuruhusu kuweka antena sehemu unayoitumia peke yako, kama roshani yako. Paa la jengo la pamoja ni jambo jingine, omba ruhusa. Na popote utakapoifunga, kaa mbali na nyaya za umeme.

Umeme ukikatika, antena nayo haina kazi. Kwa hiyo tunaweka pia redio ya betri, na simu huwa zimechajiwa.

Mama hasomi Kiingereza, lakini nimemfundisha kulitambua neno "tornado" na jina la kaunti yetu kwenye kioo. Akiyaona pamoja, anawachukua watoto na kuingia bafuni. Hasubiri tena mimi nipokee simu.