Magurudumu Manne Hayaongezi Breki

Nilipinga shule yetu, iliyo mbali na lami, kununua gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Hunywa petroli zaidi, na vipuri vyake ni vingi. Lakini masika yaliyopita mwanafunzi aliugua usiku, nasi tukakwama matopeni hadi alfajiri. Alipona, nami nikasalimu amri: mgonjwa hangoji barabara ikauke.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usihadaike. Nguvu hizo hukunasua topeni, hazikusaidii kusimama. Kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne, na penye utelezi kinachoshika ardhi ni tairi. Zikiwa zimelika, mtelemko hauchagui gari. Akaaye kando ya lami na anunue tairi nzuri. Akiba iende vitabuni.