Kutoka Bahari ya Weddell hadi Ziwa Turkana

Mto Suam huanzia kwenye kasoko ya Mlima Elgon, hupita mpakani mwa Kenya na Uganda upande wa Endebess, kisha huteremkia Pokot na Turkana kwa jina la Turkwel hadi Ziwa Turkana. Kusini mwa ziwa hilo kuna kisiwa kikavu cha volkano. Julai 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin mpima ramani na Dyson daktari, walibaki huko kukichunguza. Hawakuonekana tena. Upepo mkali wa kusini-mashariki huchafua ziwa hilo ndani ya muda mfupi tu, na mashua ndogo haina pa kujificha.

Fuchs alifundishwa Cambridge na mwanajiolojia James Wordie, aliyempeleka Greenland mwaka 1929. Wordie mwenyewe alikuwa mmoja wa watu 28 wa merikebu Endurance, chini ya Ernest Shackleton, iliyonaswa na barafu katika Bahari ya Weddell Januari 1915.

Barafu ya bahari haitulii. Upepo na mikondo huisukuma, mapande yake yakagandamizana na kupandiana, na chombo kilichokwama katikati hubanwa pande zote. Mwishoni mwa Oktoba mbao za Endurance zilipasuka, mabaharia wakahamia juu ya barafu, na Novemba 21 merikebu ikazama.

Waliishi kwa nyama ya sili na pengwini, na mafuta ya wanyama hao yalikuwa kuni zao. Nyama hiyo iliwaepusha na kiseyeye. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C. Ikikosekana kwa miezi, fizi huvuja damu na hata makovu ya zamani hufunguka. Nyama mbichi au iliyopikwa kidogo ina vitamini hiyo kiasi, lakini iliyohifadhiwa muda mrefu huipoteza. Upande wa pili wa bara la Antaktika, ambalo Shackleton alikusudia kulivuka, kikosi kilichokuwa kikimwekea Shackleton akiba ya chakula njiani kilipatwa na kiseyeye, na kasisi Arnold Spencer-Smith akafa Machi 1916.

Aprili 1916 barafu ilivunjika chini ya kambi. Mashua tatu zilifika Kisiwa cha Elephant, watu wakiwa wamelowa chapachapa, na kulowa ndiko hatari kubwa zaidi, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa kavu. Vidole vya mguu wa kushoto wa kijana Perce Blackborow vilikufa kwa baridi. Juni madaktari wawili walivikata ndani ya kibanda cha mashua zilizopinduliwa. Klorofomu, dawa ya usingizi, haivukizi vizuri kwenye baridi, kwa hiyo jiko lilichochewa kwa ngozi za pengwini mpaka kibanda kikapata joto la kutosha.

Wakati huo Shackleton na wenzake watano walikuwa wameshaondoka kutafuta msaada wakitumia James Caird, mashua ya mita 7 hivi. Seremala alikuwa ameinua kingo zake na kuifunika kwa turubai, na farumi yake ilikuwa mawe. Walifua maji usiku na mchana. Maji ya mawimbi yaliganda juu ya turubai hadi mashua ikalemewa, na ilibidi watu watambae nje kuibandua barafu kwa shoka. Baada ya siku 16 walifika Georgia ya Kusini, na Agosti 30 meli ya Chile, Yelcho, iliwachukua watu 22 waliobaki kisiwani. Wote 28 wa Endurance walipona.

Kuvuka bara la Antaktika, jambo ambalo Shackleton hakupata hata kulianza, kulifanywa na Fuchs kati ya Novemba 24, 1957 na Machi 2, 1958, kwa siku 99. Alikuwa na magari ya minyororo, ndege za kupeleleza njia, na redio, ambayo watu wa Kisiwa cha Elephant hawakuwa nayo, wala Martin na Dyson.